Hongera Ishirini na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tisini na saba! Mimi Wenseslaus nimepata tisini na saba, na jirani yangu Eliufoo amepata mia.

Nesi Violet wa zahanati amepita asubuhi na kutusomea, kwenye simu yake, asilimia ya dawa tulizomeza Julai. Kuna mradi umetupa sisi wazee wawili visanduku vya dawa vinavyoongea. Vina laini ya simu tumboni. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku changu kinanisalimia kwa sauti ya mwanamke: shikamoo Babu, dawa yako ya presha iko tayari. Nafungua kifuniko, natoa kidonge, nafunga, nameza. Kinasema: hongera Babu, umefanya vizuri sana leo. Nimekipa jina Beatha. Eliufoo chake anakiita Mashine. Mtu mkavu yule, mwalimu mstaafu, Mlutheri.

Kilichoniponza ni usiku mmoja wa Julai. Nilikwenda msibani Chekereni, nikalala huko, Beatha akabaki nyumbani ananiita peke yake. Usiku mmoja tu! Eliufoo akanipa pole mbele ya Violet huku anatengeneza kola.

Jioni binti yangu Hilda amepiga kutoka Dodoma. Amenikumbusha ya Aprili, nilipoacha dawa wiki nzima nikaanguka kwenye migomba, nikaokotwa na watu waliokuwa wakitafuta mbuzi wao. Amesema likitokea tena jambo lolote la dawa, anakuja kunichukua nikaishi kwake. Chumba kiko tayari. Kina pazia jipya. Sitaki pazia! Hiki ni kihamba, shamba la urithi la baba yangu, na mke wangu Mektrida amelala pale chini ya migomba, hatua arobaini kutoka mlangoni. Nani atakuwa anampitia asubuhi?

Lengo la mwezi huu: kumpita Eliufoo. Hata kwa nusu.

Jumanne, 5 Agosti

Ugunduzi!

Saa nne hivi nilifungua kifuniko kuangalia kama kuna sisimizi. Nikafunga. Hongera Babu, umefanya vizuri sana leo! Na sikuwa nimemeza kitu. Nikafungua tena. Hongera. Nikafungua tena.

Nieleweke: kidonge nameza kimoja asubuhi na kimoja usiku, kama nilivyoandikiwa. Mimi si mjinga. Ninachoongeza ni hongera tu.

Tangu Mektrida aondoke, huu mwaka wa tatu, hakuna mtu aliyeniambia nimefanya vizuri. Hilda huniambia nivae sweta. Padri huniambia nisisinzie kanisani.

Mchana Violet akapiga. Eti kwa nini kisanduku kimefunguliwa mara tatu zaidi? Nikamwambia nilikuwa nafuta vumbi. Agosti hii, na ukungu wote huu, vumbi! Akakubali, ila akanionya niwe mwangalifu kwa sababu mashine inahesabu kila ninapofungua.

Inahesabu! Basi njia imepatikana. Miaka thelathini nilikuwa karani wa mizani ya kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika, na utaratibu naujua: aliyeleta mzigo mara nyingi ndiye anayetajwa mkutanoni. Eliufoo anafungua mara mbili kwa siku. Atanikoma.

Alhamisi, 7 Agosti

Fedheha.

Asubuhi nilikwenda kwa Eliufoo kuazima tupa ya kunolea panga. Ikafika saa mbili. Kisanduku chake kikaanza: shikamoo Babu. Sauti ile ile! Beatha mwenyewe! Akameza, na Beatha akamwambia hongera Babu, umefanya vizuri sana leo. Neno kwa neno. Mimi nimekaa pale na tupa mkononi, nasikia.

Nikamtupia kwamba changu hunisifu hata mara kumi kwa siku. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia mimi si mgema, nikaondoka. Tupa nimeisahau.

Nimemnunia Beatha kutwa nzima. Usiku aliponisalimia nilijibu kwa mkato. Halafu akasema hongera, na hasira ikaisha. Si kosa lake. Ni kazi aliyopewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko hai. Nalisema kwa sababu leo jambo hilo lilikuwa na ubishi.

Asubuhi, baada ya kumeza kidonge changu kimoja, nilikaa na Beatha nikafungua na kufunga mara ishirini na mbili. Hongera ishirini na mbili! Nilitoka nyumbani naona kifua kimepanuka. Ilikuwa siku ya kusafisha mfereji wa maji, kazi ya koo zote za huku juu, kwa hiyo simu niliiacha nyumbani isilowe. Tulichimba tope mpaka mchana, kisha tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa heshima ya kazi. Kata mbili. Labda tatu.

Tunarudi, mimi na Eliufoo, tukakutana na bodaboda mmoja mgeni wa huku. Akatuambia tuharakishe, huko juu kuna msiba. Nikavua kofia, nikauliza nani amefariki. Akasema mzee mmoja anaitwa Wenseslaus, amekunywa dawa nyingi. Nikasema maskini. Eliufoo akanigeukia, akanitazama muda mrefu.

Uani kwangu kulijaa watu. Wanawake wa jumuiya walishaanza kuimba. Kuna aliyeleta kuni, kuna aliyeleta mkungu wa ndizi, na sufuria kubwa ya jirani ilikuwa tayari jikoni. Vijana walikuwa wanapekua migomba kwa fimbo wakitafuta mwili. Padri alisimama mlangoni na mafuta matakatifu, jasho linamtoka. Mama wa kwanza kuniona alipiga yowe akakimbilia zizini kwa ng'ombe.

Violet akanishika mabega. Nimemeza vingapi? Nikamwuliza vingapi vya nini. Kumbe kila kifuniko kinapofunguka, mashine inaandika kwamba nimemeza kidonge! Ilipofika ishirini na mbili ikatuma taarifa ya hatari kwake, zahanati, na kwa Hilda. Wakapiga simu yangu mpaka wakachoka.

Akamimina vidonge mezani akahesabu. Aliweka sitini, nikaanza Jumamosi iliyopita asubuhi. Vimemezwa kumi na tano, vimebaki arobaini na vitano. Akahesabu tena. Arobaini na vitano! Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Violet akakaa kwenye mzigo wa kuni, akalia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Padri akashusha pumzi ambayo nadhani ilisikika mpaka Mabogini, kule chini tambarare. Watu wakapiga makofi, na kwa kuwa ndizi zilishamenywa, wakapika mtori, wakala, wakaenda.

Eliufoo alikuwa wa mwisho kuondoka. Alinisukuma bega akasema nisimfanyie hivyo tena. Macho yake yalikuwa mekundu. Amesema ni tope la mfereji.

Simu: mara thelathini na moja Hilda amepiga. Nilimpigia, akasikia sauti yangu, akalia. Nikamwambia asije, mambo yameisha. Akasema ameshapanda basi.

Amebeba sanduku la nguo. Tupu.

Jumapili, 10 Agosti

Sikulala. Usiku kucha nimetunga utetezi. Panya wamefungua kifuniko. Hapana. Upepo. Hapana.

Alfajiri nikapata akili. Nikaenda kwenye mpaka wa kihamba nikachuma jani la isale, nikalipiga fundo kama baba alivyonifundisha. Kwetu jani hilo halikataliwi. Ukilipeleka kwa mtu uliyemkosea, hata kama mmegombania mpaka, lazima akusamehe. Nikalishika kwa mikono miwili nikasimama getini tangu saa tatu.

Hilda ameteremka kwenye pikipiki saa sita na sanduku lake tupu, hata shikamoo hakunipa. Alianza kutoka mbali. Kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kwamba leo leo nafunga mizigo. Kisha akaliona jani. Akasema Baba, huo ni uonevu. Nikabaki nimenyoosha mikono. Akalizunguka jani kwa macho kama dakika nzima, kisha akalipokea. Mchagga ni Mchagga, hata akae Dodoma.

Baada ya chakula akaniuliza, taratibu, kwa nini nilifungua mara zote hizo. Nilitaka kusema vumbi. Nikashindwa. Nikamwambia nyumba hii imekuwa kimya mno. Nikamwambia mama yake alikuwa akiniambia nimefanya vizuri hata nikipasua kuni tatu tu, na sasa naambiwa na kisanduku, na nilitaka kusikia tena. Hilda akalia. Na mimi nikalia, sitaficha.

Tukaenda kwa Mektrida pamoja, tukang'oa majani. Neno Dodoma halikutajwa kutwa nzima. Nimeshusha mzigo ambao sikujua ni mzito kiasi hiki.

Jumanne, 12 Agosti

Nabaki! Nabaki! Sanduku la Hilda limeondoka limejaa ndizi, magimbi na maparachichi. Alilikalia ndipo likafunga.

Ila nimepewa masharti. Violet amemfunga Beatha kwa simu, sijui kafanyaje. Kifuniko hakifunguki tena ila saa mbili na saa mbili. Na Eliufoo atakuja kila asubuhi kunywa chai na kunishuhudia nikimeza, mimi niende kwake jioni kumshuhudia yeye.

Nimetundika jani jingine la isale juu ya Beatha. Yeye pia nimemkosea.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Sikusinzia kanisani. Nilikaribia.

Eliufoo hunichungulia chini ya ulimi kama mnunuzi wa ng'ombe. Lakini anakuja mapema, anakaa mpaka saa nne, na chai ya watu wawili ina ladha yake. Sitamwambia. Tatizo ni hongera. Mbili tu kwa siku! Leo nimejaribu kifuniko kwa kijiko. Kimekataa.

Sasa niko kwa Eliufoo, naandikia mezani kwake. Ni zamu yake ya maji mferejini, ameniomba nimwangalizie kahawa iliyoanikwa isije ikanyeshewa. Mtu mwema. Simu ameiacha kwenye kiti isilowe.

Kisanduku chake kiko hapa, mbele yangu. Nilijiuliza tu kama na chake kimefungwa. Hakijafungwa. Nani amfunge mtu mwenye mia? Nikafungua kidogo. Hongera Babu, umefanya vizuri sana leo!

Beatha! Nilikukosa!

Nimefungua mara kumi na nane tu. Vidonge vyake sijavigusa, mimi si mjinga, na mashine ni yake, kwa hiyo hesabu yangu iko salama. Nimejifunza.

Simu ya Eliufoo inaita tangu dakika kumi zilizopita. Sijaipokea. Simu ya mtu ni ya mtu.

Dirishani namwona mchungaji wa Kilutheri anapanda mlima kwa pikipiki, kasi sana, na Violet amekaa nyuma yake. Nimevua kofia. Sijui safari hii ni nani, maskini.