Magari Matano ya Msafara

Jumatatu asubuhi Nusu Saa, kinyozi wetu, alitoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, mkono mmoja ameshika wembe, wa pili karatasi. Nyuma yake, mlangoni, nilimwona mteja amekaa na taulo shingoni. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande mmoja.

"Nimelibandua tangazo hili ukutani pale ofisi ya mtaa," Nusu Saa alisema. "Sikilizeni."

"Umelibandua, sasa wengine watasoma nini?" aliuliza Takwimu, mama anayetuuzia kahawa. Takwimu hana jambo asilolijua kwa asilimia.

"Nitawasomea mimi." Nusu Saa akakohoa. "'Gari lolote lililoegeshwa nyumbani na lisilotembea litahesabiwa kuwa ni taka, na litaondolewa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Wahusika wajiandae.'"

Kijiwe kizima tukageuza shingo kutazama geti la bluu ng'ambo ya barabara.

"Wahusika," alisema Mzee Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuhamia kwenye benchi letu. "Wameandika kwa wingi kwa sababu ya adabu tu. Mhusika ni mmoja."

Mhusika mwenyewe ni karani wa mahakama. Nyuma ya geti lile ana magari matano, yote ya zamani, yote aliyapata kwa watu waliokuwa wanayatupa. Tunamwita Msafara, kwa sababu kila akitoka na gari moja, la pili linamfuata nyuma kwa kamba. Mimi kazi yangu ni kushona viatu, meza yangu inatazamana na geti lake, kwa hiyo misafara yote naijua. Nusu ya wateja wangu ni watu waliokubali lifti yake asubuhi.

"Asilimia tisini na tisa ya magari ya dunia hii yanatembea," alisema Takwimu, akimimina. "Hiyo moja iliyobaki yote imekaa kwenye ule ua."

Hapo geti likafunguka kidogo. Halifunguki lote, kwa sababu nyuma yake limeegeshwa gari la kijani liitwalo Mpangaji: liliingia miaka sita iliyopita na halijaonyesha dalili ya kuhama, na mengine hutokea geti la nyuma na kuzunguka mpaka barabara yetu. Msafara akatoka ubavu ubavu, tai shingoni, faili kwapani.

"Umekuja kwa miguu?" Nusu Saa alimwuliza.

"Ni hatua ishirini."

"Hata Ijumaa ulikwenda mahakamani kwa miguu."

"Ijumaa nilikuwa na haraka," alisema Msafara, akakaa.

Nusu Saa akampa tangazo. Alilisoma mara mbili, kama anavyosoma hati za watu, kidole kikifuata mistari.

"Halina mashiko," alisema. "Linasema 'lisilotembea'. Halisemi litembee mpaka wapi. Halisemi kwa nguvu ya nani. Bibi Harusi anatembea."

"Bibi Harusi anasukumwa," nilisema.

"Anasindikizwa. Ndiyo maana akaitwa Bibi Harusi."

"Na Mheshimiwa?" aliuliza Mzee Breki. Mheshimiwa ni lile jeusi refu.

"Mheshimiwa anatembea vizuri sana."

"Tatizo ni kusimama."

"Tangazo halijazungumzia kusimama."

"Tarumbeta je? Kila ukikata kushoto honi inalia yenyewe."

"Ndiyo maana nakata kulia tu."

"Uliwahi kukata kulia mara nne ili uende kushoto," nilimkumbusha. "Nilikuwemo. Nilikosa mazishi."

"Ulifika matanga," alisema Msafara.

"Na Kifaduro?" Takwimu aliuliza, akicheka. Kifaduro ndilo dogo kuliko yote, la rangi ya udongo. Likiwashwa hukohoa mpaka majirani wanaanua nguo.

"Kifaduro ana kabureta chafu. Kwani mtu akipata mafua anazikwa?"

Mteja wa Nusu Saa aliita kutoka ndani. Nusu Saa akamjibu, kama kawaida yake, "Nusu saa tu," kisha akatugeukia sisi na kusema kwa sauti ya chini:

"Swali ni hili. Ofisi ya mtaa haikuota. Kuna mtu kapeleka maneno. Nani?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mzee Breki akasema yeye angekuwa na malalamiko angeyasema usoni, na kwamba ameshayasema usoni mara nyingi. Takwimu akasema asilimia sabini ya wachongezi ni vinyozi. Nusu Saa akaapa kwa mashine yake ya kunyolea. Mimi nikanyamaza, jambo lililofanya wanitazame zaidi.

"Acheni," alisema Msafara. Alifungua faili, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Barua ya malalamiko ninayo. Nilisikia kuna malalamiko, nikaiomba ofisini Ijumaa, ni haki yangu kisheria. Haina jina."

"Basi hutamjua."

"Mwandiko naujua. Ndio huo huo ulioniandikia barua za mapenzi."

 Takwimu alirudisha birika kwenye jiko ingawa lilikuwa tayari kwenye jiko. Mzee Breki akaanza kuchunguza kofia yake.

"Umemwuliza?" nilisema mwishowe.

"Sijapata nafasi. Nimekuwa chini ya Mpangaji tangu Ijumaa."

Geti likafunguka tena. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye kwenda taratibu, akapita pale pembamba bila taabu. Amezoea. Alivuka barabara, akatusalimu, tukamwitikia kwa heshima iliyozidi kiasi.

"Karibu, shemeji," Nusu Saa alisema, akifuta benchi kwa mkono.

"Sikai. Nimeiona faili haipo mezani, nikajua barua imeshasomwa hadharani." Alimgeukia mumewe. "Ni mimi."

"Najua."

"Ungeniuliza."

"Ungejibu."

 Halafu akatutazama sisi.

"Nyinyi mnacheka, na mimi huwa nacheka. Lakini niwaulize, jamani. Dada yangu alikaa ng'ambo miaka tisa. Mwezi uliopita karudi. Mume wangu akasema tutampokea kwa heshima. Tukaondoka hapa na magari matatu. La kwanza likafia kwenye mteremko. La pili likafa likilivuta la kwanza. La tatu nililiendesha mimi, nikafika nalo mpaka linapoonekana jengo la uwanja wa ndege, likazima. Dada akasubiri, akachoka, akapanda teksi. Akanikuta barabarani nimeinama kwenye boneti. Akateremka, akanikumbatia, nina grisi mpaka kwenye nyusi. Akanipa lifti kunirudisha kwangu. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea."

Msafara alikuwa anaangalia viatu vyake. Visigino vyake nilivishona mimi.

"Ilikuwa mkanda wa feni," alisema polepole.

"Najua ilikuwa mkanda wa feni. Nilivua soksi zangu nikafunga mahali pake, kama ulivyonifundisha." Akavuta pumzi. "Leseni ninayo. Niliipata kwa gari la chuo. Lile lilikuwa linatembea. Sasa sikiliza, Baba Pacha. Alhamisi lori likija, nitashika ufunguo mimi. Gari litakalowaka mara moja, bila kusukumwa, bila mtu kupiga magoti hadharani, hilo litabaki. Mengine yaende. Nataka mahali pa kuweka kiti changu."

Akatuaga mmoja mmoja, akavuka, akapotea getini.

"Asilimia mia," Takwimu alisema, na haikueleweka ya nini, lakini hakuna aliyembishia.

Mzee Breki ndiye aliyeanza. "Betri nzima ni ya nani?"

"Ya Mheshimiwa."

"Rejeta isiyovuja?"

"Mpangaji."

"Kabureta?"

"Bibi Harusi ana kabureta nzuri sana," Msafara alisema, sauti ikilainika.

"Matairi?"

"Tarumbeta. Mawili. Na mawili mengine ya Mheshimiwa."

"Basi una gari moja zima," alisema Mzee Breki. "Limekaa sehemu tano tu."

"Unanishauri nichinje wanne."

"Nakushauri uchague, bwana. Mimi nimeacha malori kwenye makorongo manne. Mtu anateremka, anachukua shuka lake, anaondoka. Hufi."

"Bibi Harusi nilimtoa kwa mjane aliyetaka kumfanya banda la kuku," alisema Msafara. "Mpangaji alikuwa amefukiwa kifusi mpaka kwenye vioo. Nilimfukua kwa mikono. Tarumbeta walikuwa wameshaanza kumkata kwa msumeno. Nilisimama mbele ya msumeno."

"Na tai shingoni?" aliuliza Nusu Saa.

"Nilikuwa natoka kazini."

Alifunga faili, akaondoka kwenda mahakamani. Kwa miguu.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja pia. Tulisikia spana, tukasikia nyundo, kisha kimya kirefu kilichotusumbua kuliko nyundo. Hoja kijiweni ikawa moja: atachagua lipi. Mzee Breki alisema Mheshimiwa, kwa injini. Takwimu alisema Bibi Harusi, kwa asilimia sitini, kwa sababu anampenda. Nusu Saa alisema hatachagua, atalala chini ya lori. Mimi nilikuwa upande wa Nusu Saa.

Alhamisi, saa nne, lori la ofisi ya mtaa lilifika na winchi yake. Akateremka afisa mwenye koti la kung'aa na ubao wa kuandikia. Geti lilikuwa wazi lote. Hatujawahi kuliona wazi lote. Mpangaji alikuwa amesogezwa kando, na tukaona ua wao kwa mara ya kwanza: ulikuwa mkubwa, una hata ngazi za mbele ambazo hatukujua zipo.

Msafara alisimama ngazini. Alikuwa amevaa tai, na mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Yapi hayatembei?" aliuliza afisa.

"Subiri kidogo, mwanangu," mkewe alimwambia. Alikuwa na funguo tano kwenye pete moja.

Akaanza na Mheshimiwa. Akakaa, akajinyoosha kuona mbele, akazungusha ufunguo. Kimya. Hata mlio wa kuomba radhi haukutoka.

"Hana betri," Mzee Breki alininong'oneza. "Kaitoa."

Akaenda kwa Tarumbeta, aliyekuwa amekaa juu ya matofali. Kimya. Mpangaji, kimya. Kwa Bibi Harusi alikaa kidogo zaidi. Alizungusha ufunguo mara moja, akasubiri, kisha akateremka akapapasa boneti, akasema neno ambalo hatukulisikia. Nusu Saa alidai baadaye lilikuwa "pole".

Likabaki Kifaduro.

"Haiwezekani," alisema Mzee Breki. "Mtu ana Mheshimiwa, anaokoa kile kikopo?"

Mama yule akaingia. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele na kushonewa mto mpya; ushonaji wa mtu asiyejua kushona, mimi naujua. Miguu yake ikafika kwenye pedali bila yeye kujivuta. Alikaa hivyo kidogo, mikono kwenye usukani, akitazama mbele ambako sasa alikuwa anaona.

Akazungusha ufunguo.

Kifaduro akawaka. Hakukohoa. Alinguruma kwa sauti ya chini, ya mfululizo, kama paka aliyeshiba. Takwimu alifungua mdomo atoe asilimia, akaufunga.

"Kwa nini hilo?" Nusu Saa alimwuliza Msafara tulipovuka kusogea karibu. "Hata Mzee Breki alisema Mheshimiwa."

"Si nyinyi mtakaoliendesha," alisema.

Afisa aliandika, winchi ikafanya kazi. Mheshimiwa alipanda kinyumenyume. Bibi Harusi alifuata, kwa mara ya kwanza bila kusukumwa na jamaa. Lori lilibeba mawili mawili, likaenda, likarudi kuchukua mengine. Msafara alitia sahihi kila karatasi baada ya kuisoma yote, na kwenye moja alisahihisha tahajia. Lori lilipokata kona mara ya mwisho hakulitazama. Alikuwa anapangusa kioo cha mbele cha Kifaduro kwa ncha ya tai yake.

"Nakwenda kwa dada," mkewe alisema kutoka dirishani.

Msafara akazunguka upande wa pili, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Nikibadilisha gia utasema umesikia kitu."

"Sitasema."

"Utakunja uso."

Alifikiri. Ni mtu wa mahakama, hasemi uongo. "Uso nitaukunja," akakiri.

"Basi baki. Nitamleta dada jioni. Kwa hili hili."

Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mtoto aliyelala. Kifaduro akatoka getini, akachukua barabara, akapita mbele ya meza yangu bila kuniachia hata moshi.

Msafara alivuka akaja kusimama na sisi, lakini hakukaa. Aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Gia ya pili," alisema.

Tukatega masikio. Mlio ulikuwa unakwenda mbali, nyuma ya ghala, kuelekea barabara kuu.

"Ya tatu. Kaiingiza vizuri. Hakuivuta kwa nguvu."

"Ndiyo mwisho wake, au?" aliuliza Nusu Saa.

"Kwangu mimi ndiyo ilikuwa mwisho. Hakuna lililofika zaidi ya hapo. Yalikuwa yanakufa kabla."

Mlio ukawa mwembamba kama uzi. Mimi kwa kweli sikuwa nausikia tena. Yeye alikuwa bado amefumba macho, na ile mikono myeusi ameiinua kidogo, hataki hata mtu apumue.

"Ya nne," alisema.

Akasubiri kuona kama kuna atakayebisha. Takwimu alimmiminia kahawa, akaiweka benchini mahali pake, na mbele ya kijiwe kizima hakutaja asilimia yoyote.