Kazi Namba Nne, kwa Fidla na Majembe

Wananchi wote wa Mkoa wa Singida, wakulima, wafugaji na wenye maduka, mnaarifiwa kwamba muziki wa zamani umefikia kikomo. Kuanzia tarehe mosi Oktoba 1974, saa mbili kamili asubuhi, muziki wote utakuwa mpya.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Marko, Katibu wa Kamati ya Kustawisha Muziki Mpya. Nililibandika mpaka mnadani Mtinko, ambako ng'ombe mmoja alilila nusu. Sikukata tamaa. Taifa changa haliwezi kuburudishwa na muziki mzee, ndiyo maana Kanuni ya Kwanza ilipiga marufuku mazoezi. Wimbo ukishapigwa mara moja, mara ya pili si mpya tena. Hilo hata mtoto analielewa, isipokuwa Mwalimu Simeoni.

Simeoni ndiye aliyeongoza okestra yetu na kutunga kazi zake zote. Alisoma muziki chuo cha ualimu, na huko akaokota tabia ya kuuliza maswali. Okestra yenyewe ilikuwa ya kujivunia: fidla nne tulizopewa na nchi rafiki, tarumbeta tano za kanisa moja la Iramba, na Bwana Narendra, mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa mtu pekee anayejua fidla inashikwa upande gani.

"Bila mazoezi, Ndugu Katibu," Narendra aliniambia, "tutasikika kama paka aliyefungiwa kwenye pipa."

"Lakini atakuwa paka mpya," nilimjibu.

Onyesho la kwanza lilifanyika mjini, na lilifana mno. Tatizo dogo lilijitokeza mwishoni. Okestra ilinyamaza, na kwa kuwa kazi ilikuwa ngeni, hatukujua kama imekwisha au inapumua. Ndugu Philipo, Mwenyekiti wetu, alikaa mstari wa mbele ameshika kidevu. Hakuna aliyethubutu kupiga makofi kabla yake, na yeye hakuthubutu kuonekana mshamba. Tulisikiliza ukimya saa moja na nusu.

"Bado?" aliniuliza, midomo haichezi.

"Naona bado, Ndugu Mwenyekiti. Hapa ndipo penye utamu."

Kuzuia utata huo tulipitisha Kanuni ya Saba, ambayo kalamu yake ni yangu: kazi mpya itahesabiwa imekwisha pale tu kiongozi wa okestra atakapoinama, na kabla ya hapo mtu yeyote, awe msikilizaji au mpigaji, asiondoke. Watu waliisifu sana kanuni hiyo. Wa kwanza kuisifu nilikuwa mimi.

Onyesho la pili tulilipanga mwezi Desemba, katika kijiji cha Ujamaa jirani na Mtinko. Lingekuwa la siku nzima, na kila mwanakijiji angehudhuria. Zikiwa zimebaki siku mbili, mvua ya kwanza ikanyesha.

Asubuhi yake Mama Selina, msimamizi wa shamba la kijiji, alipiga hodi ofisini kwangu, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mvua imenyesha. Tunaomba ngoma yenu ingoje wiki moja."

"Si ngoma, mama. Ni onyesho la muziki mpya."

"Hilo hilo. Udongo wetu ukilowa, tuna siku tatu, nne, za kutia mbegu. Baada ya hapo ni tofali. Mwaka jana mlituita kwenye mkutano wa kilimo bora, tukachelewa kupanda. Unajua tulikula nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika taarifa ya mkutano tu.

"Mlenda mtupu. Mjukuu wangu alikuwa akiamka analia njaa, na mimi sina cha kumpa ila maneno. Mwaka huu siwezi, Katibu. Siwezi kabisa."

Jambo hilo lilinigusa, mimi si jiwe. Nilifungua jalada nikatafuta kanuni inayohusu mvua. Haikuwamo.

"Mama, kadi za mwaliko zimeshagongwa muhuri."

Alinitazama. Mimi nikautazama muhuri.

"Haya, baba," alisema, akakaza kanga kiunoni na kutoka. Dirishani nilimwona akikata kushoto, kuelekea kwa Mwalimu Simeoni.

Jioni hiyo hiyo Simeoni aliomba kikao cha dharura. Alileta kazi aliyoimaliza mchana huo: Kazi Namba Nne, kwa fidla, tarumbeta na majembe mia mbili, itakayopigwa katika shamba la kijiji. Wajumbe walifurahi. Jembe ni chombo cha mwananchi, nani angelipinga? Tulikuwa wajumbe saba, sote hatujui kusoma nota, kwa hiyo tulizijadili kwa kina.

"Kwa nini hii imekaa juu ya wenzake?" aliuliza Ndugu Philipo, kidole juu ya karatasi. "Huo ni ubwanyenye. Ishuke."

Ikashushwa. Alifunua hadi ukurasa wa mwisho. "Na huu mstari?"

"Huo ni wako, Ndugu Mwenyekiti," alisema Simeoni. "Jembe la kwanza. Katibu atakufuata kwa jembe la pili. Ni mstari mmoja tu."

Uso wa Mwenyekiti ulinawiri. Nani asiyejua jembe la mgeni rasmi? Unalishusha mara moja, unapigwa picha, wanakupigia vigelegele, unaongozwa kwenye soda. Lakini macho yake yalikuwa makali.

"Mbona mwanzo wa mstari una nukta mbili na mwisho hauna? Mwanzo umependelewa."

Simeoni alikohoa. "Ndugu Mwenyekiti, nukta zikiwekwa na mwisho, basi..."

"Mwalimu, hii ni kamati, si darasa. Usawa! Weka nukta."

Simeoni aliweka nukta, taratibu sana. Tukagonga muhuri kila ukurasa, na Mwenyekiti akatia sahihi ubavuni mwa nukta zake.

Siku ya onyesho wanakijiji mia mbili walijipanga shambani, majembe begani, mbegu za mtama zimefungwa kwenye pindo za kanga na mifukoni. Simeoni aliinua kijiti. Narendra aliburuta fidla, tarumbeta zikaguta, na majembe mia mbili yakashuka kwa pamoja. Lazima niseme kweli: mwili ulinisisimka. Mama Selina alikuwa mbele, akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu, wala hapotezi mapigo.

Ndugu Philipo alishusha jembe lake, akatabasamia kamera. Tukalima mstari wetu hadi mwisho, hatua kumi, mimi nyuma yake. Kisha akanyoosha mkono apewe soda.

"Nukta mbili, Ndugu Mwenyekiti," alisema Simeoni, kijiti hakisimami. "Maana yake ni rudia tangu mwanzo."

"Hadi lini?"

"Hadi nitakapoinama."

"Basi inama!"

Simeoni alilitazama shamba. Ekari arobaini zilikuwa bado zinangoja mbegu. "Siwezi, Ndugu. Kazi haijaisha."

"Katibu!" Mwenyekiti alinigeukia, jasho linamtiririka. "Kanuni inasemaje?"

Loo! Niliijua kwa moyo. Nililazimika kumsomea Kanuni ya Saba, neno kwa neno, huku nikilima, maana nami nilikuwa mpigaji. Wanakijiji waliitikia kila nukta kwa jembe.

Mvua ilitukuta saa sita. Suti ya Mwenyekiti ilimganda mwilini, na viatu alivivua mwenyewe, bila kanuni. Mama Selina alipita karibu yetu na mbegu zake.

"Usiubane mpini hivyo, baba, utachubuka," alimwambia kwa upole. Alikuwa ameshachubuka.

Saa kumi na nusu mbegu ya mwisho iliingia ardhini, na Simeoni akainama. Watu wote walimgeukia Ndugu Philipo aanze makofi. Alijaribu. Viganja vyake vilikuwa vimevimba malengelenge, akaishia kuvipuliza. Wanakijiji walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakaenda zao nyumbani bila kungoja kuruhusiwa.

Niliandika taarifa kwamba onyesho limefana. Kikao kilichofuata kilipiga marufuku nukta katika mkoa mzima, na Simeoni akapewa onyo kwa kutii.

Mwezi wa sita Mama Selina alirudi ofisini na kikapu cha mtama, mjukuu wake mgongoni amenenepa, mashavu yanang'aa.

"Mtama umezaa, Katibu. Maghala yamejaa. Na ule mstari wenu nao umeota, wewe na Mwenyekiti wako."

Niliinua kifua. "Vizuri?"

"Umeota. Ila umepinda, unaingia wa jirani na kurudi. Watoto wanauita Kamati." Aliweka kikapu juu ya jalada langu la kanuni. "Mvua ijayo mje mapema, baba. Mfanye mazoezi."