Gego la Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Novemba
Msimamizi wa zahanati anahamishiwa Kinango mwisho wa mwezi. Amesema Mbeyu, mfagiaji wetu, ambaye hupata habari kabla ya kaunti. Wauguzi tuko wawili: mimi Jaafar, na Warda, anayeomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Atakayependekeza jina la msimamizi mpya ni Mzee Tembo, mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Lazima nimfurahishe. Sijui kwa lipi.

Jumanne, 4 Novemba
Alhamdulillahi! Mzee Tembo amekuja ameshika shavu. Gego. Warda akamwandikia rufaa ya hospitali ya Msambweni, akaniambia kung'oa meno si kazi ya muuguzi, leseni yetu hairuhusu. Nikamjibu kuwa nimetazama jino liking'olewa mara mbili. Akauliza kama nimetazama pia ndege zikiruka uwanja wa Ukunda. Mwanamke yule!
Alipokwenda kuchanja watoto, nilimwita mzee chumba cha sindano. Ganzi. Koleo lililosahauliwa na kambi ya meno mwaka juzi. Dakika kumi na moja. Akaniita daktari. Sikumsahihisha.

Jumatano, 5 Novemba
Si jino lenyewe. Mzee Tembo alirudi na shavu kubwa zaidi, akanena mbele ya foleni nzima: "Jaafar mwanangu, umemfukuza mpangaji mwema, mwizi umemwacha ndani." Foleni ilicheka. Hata wenye homa! Nikamweleza kwa adabu kuwa meno yale yalifanana. Warda akamwandikia rufaa ya pili.

Ijumaa, 7 Novemba
Habari ya gego imefika kaunti. Mpango: kukana. Hakuna aliyeona.
Bi. Hafswa, afisa wa wauguzi wa kaunti, alifika saa tatu. Nilimwamkia shikamoo, nikakana. Akafungua rejista. Jumanne, saa nne na dakika ishirini: gego la chini kushoto limeng'olewa, mgonjwa amevumilia vyema. Jina langu. Sahihi yangu. Nambari ya leseni. Chuoni tulikaririshwa miaka mitatu kuwa kisichoandikwa hakikufanyika. Inaelekea ni mimi peke yangu niliyesikiliza!
Bi. Hafswa amesema hajapata kuona kosa lililoandikwa vizuri hivyo. Niliona ni sifa. Warda anasema si sifa.
Kikao cha nidhamu ni Alhamisi, tarehe 20. Leseni yaweza kusimamishwa. Hadi siku hiyo nipime presha tu, tena Warda akiwapo.

Jumatatu, 10 Novemba
Dereva wa kaunti, Abdulrahim, ameleta barua mbili. Yangu ya wito. Ya Warda ya kukaimu usimamizi. Sikuisoma ya Warda. Niliisoma mara mbili.
Abdulrahim haigeuzi shingo. Ana jipu kubwa kama limau. Akataja kwa bahati kuwa ndiye atakayewabeba wanakamati wote watatu wa kikao cha nidhamu, njia nzima wakipiga soga naye.
Jipu si jino. Wembe ninao. Nimemwambia aje Jumatano, tarehe 19, saa moja asubuhi, kabla Warda hajafika.