Sentimita Tano za Kiti cha Msimamizi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya siku! Nimeingia karakana ya ushonaji kama mkata vitambaa wa kawaida. Mashangazi watatu wa vifungo, ambao meza yao imebanana na mlango wa ofisi, wakanitazama, wakatazamana. Wa kwanza akaniamkia Mkuu wa Meza ya Kukatia. Wa pili akaniamkia Msimamizi. Wa tatu alicheka tu. Saa nne bosi akaniita: mimi ndiye Mkuu wa Meza! Vinyweleo vimenisimama. Utabiri! Kimebaki kiti cha msimamizi. Tatizo, Mzee, msimamizi wetu, amekikalia, na ni mzima kama pasi ya mkaa.

Jumanne, 4 Machi
Taratibu, mwenzangu wa meza, kasema subira yavuta heri. Huyo hata chai huingoja ipoe. Nyumbani mke wangu kasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kama naogopa nimpishe aende yeye. Nimemwoa mwanamke!

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya. Wakati wa chakula nimekata sentimita tano za mwanzo wa tepu ya Mzee, nikarudishia kibati chake cha nchani. Kila suruali atakayokata itakuwa fupi. Macho yake hayaoni namba ndogo. Ndiye aliyenifundisha kushika mkasi.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee kakata suruali thelathini. Zote sawasawa! Nimemchungulia: hapimi kutoka nchani. Anaanzia kwenye kumi, halafu anatoa kumi. Kasema mafundi wa zamani wote hufanya hivyo, maana ncha ya tepu huliwa. Wazee hawa ni washirikina.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Mzee kaniita mbele ya wote, kanivisha tepu yake shingoni kwa mkono wake, kaniambia nikate suruali sitini za walinzi peke yangu. Shangazi wa kwanza kapiga kigelegele. Nimekata kama mfalme, kutoka nchani, bila kupumzika.

Kutoka nchani.

Jumamosi, 8 Machi
Suruali sitini, zote pungufu sentimita tano. Bosi kafoka. Mzee kaishika tepu, kaitazama ncha, kanitazama mimi. Kisha kamwambia bosi tepu ni yake, imechakaa, kosa ni lake. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka. Shangazi wa tatu kaniambia, bila kucheka, kwamba Mzee anastaafu mwisho wa mwezi na jina langu lilikuwa limeshaandikwa, walilisikia mlangoni. Kasema ningekaa tu, mikono mfukoni, kingenijia chenyewe. Sasa Mzee kalifuta jina langu, kiti ni cha Taratibu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa stoo. Lakini asubuhi hii shangazi wa pili, akinipa beseni la vifungo nikalihifadhi, kaniamkia Bwana Funguo. Na kweli ninazo! Milango yote mitatu! Utabiri haujafa, umebadili njia. Nimemsikia Taratibu akisema kiti cha msimamizi kinayumba mguu mmoja, nikitengeneze humu stoo.

Kipo mbele yangu. Na msumeno pia upo.