Nyonga ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Agosti 1988
Nimekula maharagwe mabichi. Si kwa kupenda. Mke wangu Nthenya yuko kwa kaka yake Nzomo, ng'ambo ya korongo, tangu mama yao atoke hospitali. Mama Mkwe alijikwaa kwenye kamba ya mbuzi mwezi wa Mei, akavunjika nyonga. Walimning'iniza mguu wiki nyingi mpaka mfupa ukashika, wakampa fremu ya chuma ya kutembelea. Ameigeuza kamba ya kuanikia leso. Yeye mwenyewe hainuki.

Leo Sista Mutindi wa hospitali alipita kumtazama. Jioni Nthenya aliniletea maji, akanisimulia akiwa amesimama mlangoni. Wodi ya akina mama imejaa nyonga, na kila mwaka zinazidi. Nikauliza ni laana ya nani. Akasema si laana, ni watu kuishi sana. Zamani hawakuwa wakifika umri wa kuvunjika. Kisha akaniambia lile sista alilomnong'oneza: mzee wa nyonga akizoea kitanda hadumu, kifua humjaa, vidonda humla mgongo. Hapo Nthenya akalia. Iliniuma. Iliniuma kwa ajili yake, na kidogo kwa ajili ya tumbo langu.

Basi Mama Mkwe lazima atembee. Mimi niliyesimamia josho la ng'ombe miaka yote ile, nikawatumbukiza mafahali wasiotaka, nitashindwa na bibi mmoja?

Ugumu ni nthoni, haya ya ukwe. Mkamba na mama mkwe wake hawatazamani. Nikifika kwao nakohoa njiani, naye anasogezwa ndani. Wengine hutoa mbuzi wa kuondoleana haya, mambo yakaisha. Mbuzi wangu bado namtafuta tangu nioe. Binti yetu Ndululu sasa ni nyanya.

Jumatano, 10 Agosti
Mpango wa kwanza: maziwa ya ngamia. Nimeyapata kwa Abdille mwenye duka pale Mutomo. Mama yake mwenyewe, Awo, alivunjika nyonga huko Garissa, kwa hiyo anajua. Nilimuuliza kama maziwa yatamwinua mtu. Akacheka. "Mzee Ndolo, maziwa ni ya mfupa. Mguu inataka sababu." Wafanyabiashara hawa hupenda mafumbo.

Mama Mkwe ameyapenda. Ameyanywa yote, akalala mpaka alasiri. Anaomba mengine.

Ijumaa, 12 Agosti
Mpango wa pili: fimbo. Nimeichonga mwenyewe, kichwa chake ndege. Kazi nzuri sana. Nzomo ameipokea mlangoni akasema wazo hilo lilikuwa lake tangu juzi. Huyo ndiye Nzomo. Ni mzee wa kanisa, nafasi ambayo ilikuwa yangu, lakini hilo tuliache.

Nthenya anasema fimbo inatumika. Mama Mkwe anafukuzia kuku, akiwa kitandani.

Jumamosi, 13 Agosti
Jambo kubwa limetokea na siwezi kumwambia mtu.

Njaa ilinishinda. Nilijua Jumamosi Nthenya hupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nikavuka korongo kwa nia ya kuingia jikoni upande wa nyuma, nijipakulie, niondoke. Mwizi wa chakula hakohoi. Nikakata kona ya nyumba, na pale ukutani, juani, miguu imenyooshwa, kichwa wazi, ameketi Mama Mkwe, ametolewa kuota jua.

Tulitazamana. Mungu anisamehe.

Akapiga yowe moja. Akakamata fremu, leso zote zikaanguka, akasimama. Akatembea! Alizunguka ukuta, akapanda kizingiti, akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi nilikuwa kwenye kichaka cha minyaa nikichomwa na utomvu wake. Nthenya alitoka jikoni, akafungua mlango, na alipomkuta mama yake wima katikati ya nyumba, nilimsikia akilia kama mtoto. Nami nililia kule kichakani. Minyaa pia ilichangia.

Muthokoi sikuonja.

Jumapili, 14 Agosti
Nzomo ametoa ushuhuda kanisani. Eti ni maombi yake. Alifunga siku nzima, akawekea fremu mikono, na tazama. Watu wakaimba. Nilikaa benchi la nyuma na ukweli wangu. Nikisema ni mimi, nitaulizwa nilifanya nini nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu bila kukohoa.

Tena Mama Mkwe amerudi kitandani. Anasema ametembea, inatosha.

Nimekumbuka neno la Abdille. Mguu unataka sababu. Sababu ni mimi.

Alhamisi, 18 Agosti
Kazi inakwenda vizuri. Asubuhi natokea kwenye zizi, jioni kwenye tangi la maji. Sikohoi. Yeye anainuka, anakwenda. Jana alifika mpaka jikoni. Leo aligeuka haraka hata nikahofia ataanguka. Sista Mutindi amepita na kushangaa. Amemuuliza Nzomo anamfanyisha mazoezi gani. Nzomo amemjibu kwa aya ya Biblia.

Nthenya ameshaelewa. Anayajua makosa yangu yote kwa mwendo wangu. Alinijia uso mkavu, akasema, "Baba Ndululu, unamwaibisha mama yangu." Nikamwambia afadhali aibu kuliko kaburi. Kisha akaniachia bakuli la muthokoi, akaondoka.

Jumamosi, 20 Agosti
Mama Mkwe ni mjanja. Sasa akiniona anajifunika leso kichwani na kubaki pale pale, kama gunia. Nilisimama, nikasubiri. Gunia halikutikisika.

Nthenya anasema yatosha, nipeleke mbuzi, haya ziishe, nimsalimu mama yake kama mkwe mzima. Nimekataa kwa hekima. Haya zikiisha, dawa imeisha.

Kinachotakiwa ni kumshtua. Kesho kutwa nitatokea juu, kwenye ghala la mahindi. Hakuna mtu anayetazama juu. Nthenya aliniambia ngazi yake imeliwa na mchwa na mimi si kijana. Nimemkumbusha kuwa nyonga ni ugonjwa wa mabibi.

Jumatano, 24 Agosti
Naandika nikiwa chali, wodi ya wanaume. Mguu umening'inizwa. Nyonga.

Ngazi ilikubali mpaka kipandio cha tatu. Nilipoanguka sikuhisi maumivu mara moja, nilisikia tu mlio ndani yangu, kama kuni kavu. Halafu maumivu yakaja. Nzomo na Nthenya walikuwa sokoni. Nilijaribu kukohoa, maana sauti nyingine haikutoka.

Nikasikia chuma kikigonga ardhi. Fremu. Mama Mkwe alikuja mpaka kona ya ghala, akaniona, akanigeuzia mgongo papo hapo. Alisimama hivyo. Nilidhani ataingia ndani. Akavua leso ya begani, akarudi kinyumenyume, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama na kunidondoshea. Iliangukia usoni. Jua lilikuwa kali, ikanifaa sana. Kisha nikasikia chuma kikienda zake, polepole, kupita zizi, kupita tangi, mpaka barabarani ambako hakuwa amefika tangu Mei. Nikamsikia akiita watu.

Niliogopa kule chini ya leso. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliogopa kwamba ndiyo basi.

Jumanne, 25 Oktoba
Nimerudi nyumbani na fremu yangu. Sista Mutindi ameniambia nitembee kila siku. Nimemwambia nitaanza mvua ikinyesha, ardhi ikiwa laini. Akasema wanaume wote wa wodi yangu walisema hivyo, na wengine hawakuiona mvua. Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mgonjwa?

Inauma. Hawajui inavyouma. Nzomo amekuja kuniombea na kuwekea fremu mikono. Nimeianikia shati.

Nthenya amepika maharagwe, ameyaivisha kabisa. Hayapiti. Usiku huu alinishika mkono.

Ijumaa, 4 Novemba
Mvua imenyesha. Sikuinuka. Nilimwambia Nthenya kesho.

Mama Mkwe huja kuniuliza hali kila baada ya siku chache. Anatembea na fimbo yangu ya ndege. Adabu yake ni ile ile: anakohoa langoni, Nthenya ananirudishia mlango, naye anakaa nje upande wa nyuma na kutuma salamu kwa binti yake. Nimezoea kikohozi chake.

Leo nilikuwa barazani nimetandaza miguu, shati wazi, nikitazama maji yakipita uani. Nikainua macho. Yupo pale, hatua chache, ameegemea fimbo, ananitazama moja kwa moja.

Hakukohoa.

Sijui nilisimamaje. Najua tu nilikuwa chumbani, wima, nimeikumbatia fremu, shati bado linaning'inia juu yake, na mguu unawaka moto. Nje niliwasikia mama na binti wakicheka mpaka wakalia. Bibi wa umri ule! Ameniwinda nyumbani kwangu! Nthenya aliingia machozi yakimtoka, akanikuta nimesimama, akanishikilia shingoni, akasema sasa Baba Ndululu umejifunza, mbuzi atakwenda lini.

Nimemwambia tutaona. Ukweli ni kwamba nilimtazama Mama Mkwe vizuri kabla sijakimbia. Anauegemea mguu mmoja. Amelegea, mazoezi yamepungua. Nikipata nguvu za kuvuka korongo, ngazi ile haihitaji zaidi ya misumari miwili.