Saba Tisa za Katindo

Alhamisi, 30 Aprili 2026
Kompyuta zote zinahesabu sekunde tangu mwaka 1970. Jumapili alfajiri hesabu itafika 1777777777. Saba tisa! Klabu yetu ya watengeneza programu hapa mtaani Katindo itasherehekea. Charline, rais wetu, anahamia Butembo. Amesema siku hiyo atamtaja atakayemrithi: mimi au Viateur. Nautaka sana urais huo. Kazi ya kualika watu nimepewa mimi.

Ijumaa, 1 Mei
Nimepata! Wote nimewaandikia kwa Kifaransa: 5h09, yaani saa kumi na moja na dakika tisa alfajiri. Viateur peke yake nimemwandikia kwa Kiswahili: saa tano na dakika tisa. Atakuja jua limeshapanda, keki imekwisha. Akilalamika nitamuuliza, kwani saa tano si ndiyo cinq heures, tano ya Kifaransa?

Jumamosi, 2 Mei
Viateur amenishukuru: merci, papa. Masikini! Nilimwonea huruma kidogo. Ilipita.

Jumapili, 3 Mei
Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, giza. Tuko kumi na wawili nje, mlango umefungwa. Ufunguo anao Mama Masika, mwenye nyumba ya klabu, na simu yake imezimwa. Halafu nani anatokea? Viateur! Na kompyuta yake!

Alisema ujumbe wangu ulimfikia kwa makosa. Kiswahili? Bila shaka ulikuwa wa Mama Masika, maana ndiye pekee kati yetu anayefuata saa za Kiswahili. Akamtumia mama, naye akaamini ni saa tano ya asubuhi. Yeye mwenyewe alipiga hesabu ya sekunde, akajua saa ya kuja. Mtego wa panya, huingia waliomo na wasiokuwemo.

Nilirukia pikipiki mpaka mtaa wa Mapendo, anakoishi mama huyo. Mama Masika alifoka dirishani: “Muliandika saa tano! Juu ya nini unaniamusha na giza?” Nikamsihi. Akatafuta kitenge. Akatafuta ufunguo. Dakika zinakwenda.

Tulifika Katindo 5h24. Watu walikuwa wanacheza barabarani. Kompyuta ya Viateur ilikuwa juu ya ukuta wa mawe ya volkano. Wote walihesabu pamoja, isipokuwa mimi. Charline alikuwa ameshamtaja rais. Rais mpya, Viateur, akanishukuru mbele ya watu kwa kumfuata mama. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumatatu, 4 Mei
Kosa langu nimeliona: niliandika. Sekunde 1800000000 itafika tarehe 15 Januari mwakani, saa nne asubuhi, yaani dix heures, kumi ya Kifaransa. Safari hii Viateur nitamwambia kwa mdomo: saa kumi.