Maneno Hayaugui

Jumatatu, 4 Machi 1996. Likoni.
Kompyuta yangu inakwenda kama mgonjwa wa miguu. Kila asubuhi ile programu ya kusaka virusi hupekua waraka mmoja mmoja, nami nimekaa, chai inapoa. Ng'ambo ya barabara Kioko, mchapaji mwenzangu, anachapa tu kazi za watu. Tena amemwambia Waridi kwamba utenzi wa mamake atauchapa yeye, upesi, na maua pembeni. Maua! Mamake Waridi, Bi Mwanatabu, ananighania mimi tangu Ramadhani, nami nauchapa. Kabla yangu haukuandikwa popote. Uko kichwani mwake, na kichwa kinachoka.

Jumanne, 5 Machi.
Nimepata hila. Programu ina mahali pa kuitajia vitu isivyopaswa kuvigusa. Nimeandika *.DOC. Nieleze: nyota husimama badala ya jina lolote, na DOC ndio mkia wa kila waraka. Alama chache tu, na nyaraka zote zimesamehewa ukaguzi. Virusi huingia kwenye programu, maneno hayaugui. Kioko akasema siku hizi kuna virusi vinavyokaa ndani ya nyaraka zenyewe. Nikamjibu kwamba mwalimu mstaafu hafundishwi na aliyekuwa akiuza kaseti.

Jumatano, 6 Machi.
Kasi ya ajabu. Phineas, karani wa bandarini, kaleta disketi yenye barua ya kuomba kazi. Nikaifungua papo hapo, kisha nikafungua utenzi, nikaongeza beti za jana. Kioko bado alikuwa akikagua. Nikampungia mkono.

Alhamisi, 7 Machi.
Utenzi ni kurasa tupu. Nakala ya akiba pia, maana niliifungua kuhakikisha. Kioko kaja, hakucheka. Bora angecheka. Asema ugonjwa ulitoka kwenye disketi ya Phineas, ukapita palepale nilipoiambia programu isitazame. Nimemwambia ni umeme.

Jumamosi, 9 Machi.
Nimekwenda kwa Bi Mwanatabu. Nikamwamkia, nikamwomba anighanie upya. Akaanza vizuri, kwa kumsifu Mola na kumsalia Mtume. Kisha beti zikamponyoka. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Waridi akanitoa barazani. "Maalim, mama alikuwa akisahau bila hofu, kwa kuwa unao wewe," akasema. "Sasa mimi nimwambie nini?"

Nikasema inshallah.

Jumatatu, 11 Machi.
Kioko amenisafishia mashine, kwa wema unaoudhi. Ameifuta *.DOC yangu. Leo programu imerudia mwendo wake wa jongoo, ikipiga kengele kwa kila disketi ya mteja, ikinitajia maradhi. Nani awezaye kufanya kazi matangani?

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa kuzisamehe nyaraka peke yake. Huo ni upendeleo. Nimeandika *.*, yaani jina lolote, mkia wowote. Imemaliza kabla sijaketi. Haikuona virusi hata kidogo.

Nimemwita Kioko aje ajisomee mwenyewe.